Kuhamia nchi jirani: familia ipime nini kwanza? Mafunzo kutoka Kolombia, Venezuela, Ekuador na Peru



Katika mikutano yetu na familia zilizohama makwao, na pia na viongozi wa kamati za wakimbizi wa ndani, swali moja linarudi mara kwa mara: je, ng'ambo ya mpaka maisha ni afadhali kuliko hapa? Wengine wana ndugu Uganda, wengine Burundi, Tanzania au Rwanda. Ndugu mmoja anapiga simu na kusifu, mwingine anapiga simu na kulia. Familia inabaki njia panda, haijui imwamini nani.

Katika toleo hili tumeamua kulijibu swali hilo kwa kutazama mbali kidogo, huko Amerika ya Kusini. Tuna sababu mbili. Ya kwanza: kule, tangu mwaka 2014 hivi, watu zaidi ya milioni 7 wameondoka Venezuela, na wengi wao hawakuvuka bahari, bali walihamia nchi za jirani. Kwa hiyo kuna mamilioni ya familia zilizolazimika kulinganisha nchi moja na nyingine, na matokeo ya uamuzi wao yanaonekana.

Sababu ya pili ni kwamba kanuni inayowasaidia ni ndugu ya kanuni yetu. Mwaka 1969 viongozi wa Afrika walikutana Addis Ababa wakaweka mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa nchi za Afrika. Mkataba huo ulisema kwamba mkimbizi si yule tu anayeteswa kwa ajili ya dini, taifa au siasa yake, bali pia yule anayekimbia vita, uvamizi au vurugu kubwa. Mwaka 1984, katika mji wa Cartagena nchini Kolombia, wajumbe wa Amerika ya Kati na ya Kusini walitoa Azimio lenye mawazo hayohayo, na humo waliutaja mkataba wa Afrika kuwa mfano. Wao walijifunza kwetu, na leo sisi tunaweza kujifunza kwao.

MTO MMOJA, PANDE MBILI

Kati ya Kolombia na Venezuela kuna mto uitwao Táchira. Upande mmoja ni San Antonio, mji wa Venezuela; upande wa pili ni Cúcuta, mji mkubwa wa Kolombia. Katikati lipo daraja linaloitwa Simón Bolívar, na kiangazi mtu anaweza kuuvuka mto huo kwa miguu.

Kwa miaka mingi watu walikuwa wakitoka Kolombia kwenda Venezuela. Kolombia ilikuwa na vita. Waasi wa FARC walianza mwaka 1964, na baadaye makundi mengine ya silaha yakazidi kuwa mengi, huku wakulima wakifukuzwa kwenye mashamba yao. Venezuela ilikuwa na petroli, na bei ya petroli ilipopanda katika miaka ya 1970, kazi zilikuwa nyingi: ujenzi, mashamba, kazi za nyumbani, biashara. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilikuta Venezuela watu zaidi ya 700,000 waliozaliwa Kolombia. Mwaka 2004 serikali ya Venezuela ilikuwa imeandikisha wageni wengi, na baadhi yao wakapata uraia.

Kisha mambo yakageuka. Bei ya petroli ilianguka kuanzia mwaka 2014, fedha ya Venezuela ikapoteza thamani, maduka yakakosa unga, mafuta, sabuni na dawa. Mwezi wa Agosti 2015 serikali ya Venezuela ilifunga mpaka upande wa Táchira na kufukuza zaidi ya watu elfu moja wa Kolombia. Baadhi ya nyumba zao ziliandikwa herufi D ukutani, maana yake zibomolewe. Maelfu wengine waliondoka wenyewe kwa hofu, wakavuka mto wakibeba mgongoni magodoro, milango, hata friji. Kati yao walikuwamo watu waliokaa Venezuela miaka ishirini au thelathini na kuzaa watoto huko.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai 2016, daraja lilifunguliwa kwa muda mfupi. Safari hii waliovuka ni watu wa Venezuela, makumi ya maelfu, wakienda Cúcuta kununua chakula na dawa. Mwanzoni walinunua na kurudi. Baadaye walikuja na mabegi na watoto, wakabaki. Sasa Kolombia peke yake inapokea watu wa Venezuela karibu milioni 2.8, Peru inafuata kwa watu zaidi ya milioni moja.

Na bado hadithi haikuishia hapo. Mwezi wa Januari 2025, mapigano kati ya makundi ya silaha katika eneo la Catatumbo, karibu na mpaka huohuo, yaliwafanya watu zaidi ya 50,000 wahame katika wiki chache. Wengi walikimbilia Cúcuta, na wengine walivuka kwenda Venezuela, nchi ambayo mamilioni walikuwa wameikimbia.

Fundisho la kwanza ni hili: hakuna nchi iliyo nzuri siku zote. Anayepokea leo, kesho anaweza kupokelewa. Kiongozi anayejua jambo hilo hatadharau wageni, na mgeni anayelijua hatavunja uhusiano na nyumbani kwao.

MAMBO SITA YA KUPIMA

Tunapotazama familia zilizohamia Kolombia, Ekuador, Peru na Brazili, tunaona kwamba waliofanikiwa kiasi hawakuuliza tu "kuna pesa?" Walipima mambo kadhaa pamoja. Tumeyapanga katika sehemu sita.

1. Karatasi

Karatasi ndiyo mlango wa vingine vyote. Mwaka 2017 Peru ilianza kuwapa watu wa Venezuela kibali cha muda cha mwaka mmoja chenye ruhusa ya kufanya kazi. Watu wengi waliposikia habari hiyo walifunga safari. Lakini tarehe 15 Juni 2019 Peru ilianza kudai visa na pasipoti. Ekuador nayo ilianza kudai visa mwezi wa Agosti mwaka huohuo. Kupata pasipoti Venezuela wakati ule kulikuwa kazi ngumu na ya gharama kubwa. Kwa hiyo waliokuwa bado njiani walikuta mlango umefungwa, na wengi wakapita njia za panya, mikononi mwa walanguzi na wanyang'anyi.

Kolombia ilifuata njia nyingine. Mwezi wa Februari 2021 rais Iván Duque alitangaza ulinzi wa muda wa miaka kumi kwa watu wa Venezuela. Aliyejiandikisha alipata kadi inayomruhusu kufanya kazi, kufungua akaunti benki na kuingia katika bima ya afya. Hadi mwaka 2024 kadi karibu milioni 2 zilikuwa zimetolewa. Kadi hiyo haikumaliza umaskini, lakini ilimpa mtu uhakika wa kupanga maisha yake kwa miaka na si kwa miezi.

Tusisahau watoto. Mtoto anayezaliwa ugenini bila kuandikishwa anaweza kukosa taifa kabisa. Mwezi wa Agosti 2019 Kolombia iliamua kuwapa uraia watoto wapatao 24,000 waliokuwa wamezaliwa huko na wazazi wa Venezuela, kwa sababu walikuwa katika hatari hiyo.

2. Kazi na mshahara

Hapa ndipo watu wanadanganyika zaidi. Mwaka 2024 mshahara wa chini kwa mwezi ulikuwa dola 460 Ekuador, peso 1,300,000 Kolombia (karibu dola 330), na soli 1,025 Peru (karibu dola 270). Anayetazama namba hizo tu atasema: twende Ekuador.

Lakini mshahara wa sheria ni wa mwenye mkataba wa kazi. Kolombia zaidi ya nusu ya wafanyakazi hawana mkataba, na Peru ni kama watu saba katika kumi. Mgeni bila karatasi huanzia huko: kuuza peremende barabarani, kubeba mizigo sokoni, kuosha vyombo hotelini, kupeleka chakula kwa baiskeli. Analipwa kwa siku, pengine analipwa nusu, na akidai anaambiwa aende.

Kuna pia jambo la fedha yenyewe. Ekuador inatumia dola ya Marekani tangu mwaka 2000. Anayefanya kazi huko na kutuma pesa nyumbani anajua kwamba dola zake hazitapungua njiani. Lakini bei za vitu nazo ni za dola. Sisi tunaotumia dola na faranga kila siku tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa sana.

Na wenye diploma? Mwalimu, muuguzi au injinia wa Venezuela akifika Lima au Bogotá anatakiwa diploma yake itambuliwe na serikali ya pale. Kazi hiyo inahitaji karatasi zenye mihuri kutoka nyumbani, muda na pesa. Ndiyo sababu wengi wenye elimu wameendesha teksi au kuuza mikate kwa miaka. Aliyeondoka na vyeti vyake vilivyokwisha kupigwa mihuri alikuwa mbele ya wenzake.

3. Nyumba

Watu husahau kodi wanapohesabu mshahara. Katika miji ya Kolombia mwenye nyumba mara nyingi anadai mdhamini, yaani mtu mwenye mali anayeweka sahihi kwamba atalipa mpangaji akishindwa. Mgeni hana mdhamini, kama vile kwetu mtu anavyokosa garanti ya nyumba. Kwa hiyo wengi walipanga vyumba vya kulipia kila jioni. Chumba cha kulipa kwa siku ni ghali kikihesabiwa kwa mwezi, na siku moja bila kibarua inatosha kulala nje.

Janga la Korona mwaka 2020 lilidhihirisha hatari hiyo. Miji ilipofungwa, kibarua kiliisha, na familia nyingi zilitolewa vyumbani. Zaidi ya watu laki moja walirudi Venezuela mwaka ule, wengi wao wakitembea sehemu kubwa ya njia kwa miguu.

4. Shule na matibabu

Katiba ya Ekuador ya mwaka 2008 inatoa haki ya shule na matibabu ya serikali bila malipo, hata kwa mgeni. Brazili nayo hutibu kila mtu katika hospitali za serikali bila kuuliza karatasi. Kolombia hupokea wote kwa matibabu ya dharura, lakini kwa ugonjwa wa kudumu, kama kisukari au saratani, bima inahitajika, na bima inahitaji kadi. Familia yenye mgonjwa wa namna hiyo haina budi kuuliza mapema.

Kuhusu shule, lugha ilikuwa msaada mkubwa. Kolombia, Venezuela, Ekuador na Peru zote zinasema Kihispania, kwa hiyo mtoto aliendelea na masomo bila kuanza upya. Waliokwenda Brazili walikuta Kireno, na ilibidi wajifunze kwanza. Lakini hata penye lugha moja, mtoto aliyefika bila ripoti ya shule alipata shida kupewa darasa lake, na mwisho wa masomo alihitaji kitambulisho halali ili apate cheti.

5. Usalama

Usalama hubadilika haraka kuliko mambo mengine. Ekuador kwa miaka mingi ilikuwa kimbilio la watu wa Kolombia waliokimbia vita, na wakati ule ilikuwa nchi iliyotambua wakimbizi wengi kupita nyingine Amerika ya Kusini. Mwaka 2018 mauaji huko yalikuwa karibu watu 6 katika kila watu 100,000. Mwaka 2023 yalipita 40, kwa sababu ya magenge ya madawa ya kulevya yaliyogombania bandari na magereza. Mwezi wa Januari 2024 rais Daniel Noboa alitangaza kwamba nchi iko katika vita vya ndani na magenge hayo. Familia iliyochagua Ekuador kwa ajili ya amani ililazimika kufikiri upya. Anayetegemea habari za miaka mitano iliyopita anahamia nchi ambayo pengine haipo tena.

6. Moyo wa wenyeji

Jambo hili halimo katika sheria, lakini linaamua kama mtu atalala usingizi. Mwezi wa Agosti 2018, huko Pacaraima, mji mdogo wa Brazili mpakani, mfanyabiashara mmoja aliibiwa na kupigwa, na wageni wakashukiwa. Wenyeji waliokasirika walichoma vitu vya wakimbizi waliokuwa wakilala nje, na zaidi ya watu elfu moja walirudi mbio ng'ambo. Mwezi wa Januari 2019, katika mji wa Ibarra, Ekuador, mtu mmoja wa Venezuela alimwua mwanamke mjamzito mbele ya watu. Siku zilizofuata, familia zisizohusika zilitolewa vyumbani na kufukuzwa barabarani. Kosa la mmoja lililipwa na wote.

SAFARI YENYEWE

Kabla ya kufika kuna njia, nayo ni sehemu ya gharama. Kutoka Cúcuta kwenda Bucaramanga kuna mlima uitwao Berlín, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,000. Watu waliotoka katika joto la bondeni waliupanda kwa miguu wakiwa na ndala na fulana, na watoto mgongoni. Baridi ya usiku ni kali sana. Katika mji wa Pamplona, kabla ya mlima, wenyeji wenyewe ndio walioanza kufungua nyumba zao, kutoa supu na mablanketi, kabla mashirika hayajafika. Habari hii nayo ni lazima isimuliwe, maana wenyeji si wale tu waliochoma magodoro.

WENYEJI NAO WANAPATA NINI?

Mara nyingi wenyeji husema kwamba wageni wanakula mali yao. Ni kweli kwamba mwanzoni kuna mzigo: shule zinajaa, hospitali zinajaa, vibarua wanagombania kazi ileile, kodi inapanda. Lakini mwaka 2022 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba wahamiaji wa Venezuela, wakiruhusiwa kufanya kazi inayolingana na ujuzi wao, wataongeza uchumi wa Kolombia, Ekuador, Peru na Chile kwa asilimia 2.5 hadi 4.5 kufikia mwaka 2030. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona tu ikiwa mgeni amepewa jembe.

Brazili imejaribu njia moja inayostahili kutazamwa. Tangu mwaka 2018 serikali, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa, imekuwa ikiwahamisha kwa hiari watu wa Venezuela kutoka jimbo maskini la Roraima, penye mpaka, kwenda miji mingine. Hadi mwaka 2023 zaidi ya watu 100,000 walikuwa wamehamishwa hivyo. Hawakutupwa: wengine walikwenda kwa sababu kazi imepatikana, wengine kwa sababu ndugu yuko tayari kuwapokea, wengine kuna makao yaliyoandaliwa. Mzigo uligawanywa, na Roraima ikapumua.

NA SISI HUKU?

Kipimo hicho tunaweza kukitumia hata kwetu. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na katika makazi kama Nakivale au Kyaka II familia zimekuwa zikipewa kipande cha ardhi. Lakini kipande hicho kinapungua kadiri watu wanavyoongezeka, msaada wa chakula umekatwa mara kadhaa, na shule ni za Kiingereza, hivyo mtoto aliyesoma Kifaransa huweza kurudishwa madarasa ya chini. Tanzania lugha ni Kiswahili na majirani wanaelewana, lakini mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, hawezi kutoka kambini bila kibali, na kazi nje ya kambi ni shida. Hakuna upande ulio na yote. Kila familia itazame kile inachokihitaji zaidi: shamba, shule, hospitali au usalama.

USHAURI WETU

Kwa familia:

- Ulizeni watu watatu walioko kule, si mmoja. Ulizeni mwanamke na kijana pia, maana maisha yao ni tofauti na ya mwanaume.
- Ulizeni habari ya mwezi huu, si ya mwaka jana.
- Hesabuni kodi, chakula, minervali na usafiri kabla ya kuhesabu mshahara.
- Bebeni karatasi zote: vyeti vya kuzaliwa, kadi ya mchaguzi, ripoti za shule, diploma, kartesi za chanjo. Acheni nakala kwa mtu mnayemwamini.
- Kama inawezekana, mmoja atangulie kutazama. Lakini hatari ikiwa mlangoni, okoeni maisha kwanza, kupima kutafuata.
- Msiuze shamba kwa haraka. Wengi wa Kolombia waliouza kwa hofu walitafuta haki kwa miaka. Sheria ya mwaka 2011 iliyowafungulia njia ya kurudishiwa ardhi ilidai mtu aonyeshe uhusiano wake na ardhi hiyo, na aliyekuwa na karatasi au mashahidi wa jirani alikuwa na nguvu zaidi.

Kwa viongozi:

- Kateni uvumi mapema. Kosa likitokea, mtajeni aliyekosa mbele ya sheria, msitaje kabila wala nchi yake.
- Wekeni wenyeji na wahami katika kamati moja ya maji, ya shule na ya soko.
- Ombeni mashirika yasaidie pia familia zilizopokea. Jirani anayeona malori yakipita mlango wake kila wiki bila kusimama hataendelea kuwa mwema.
- Andikisheni watoto wote wanaozaliwa, bila kungoja vita viishe.

Wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema tusihame kamwe, maana mbachao ukishika moto ni lazima kuondoka. Walisema tutazame vizuri tunachokiacha na tunachokiendea. Tunaomba kila kamati isome makala hii pamoja na familia, ijadili mambo sita tuliyotaja, na ituletee maswali yake katika mkutano unaofuata.